Msafiri Si Mtalii

Wahenga walinena kuwa msafiri maskini ajapokuwa sultani. Methali hii ingefaa kukumbukwa na wafasiri wanaotafuta jina la yule kijana mgeni abebaye shanta mgongoni, apandaye basi la kawaida na kulala katika nyumba za wageni za bei nafuu. Aghalabu huitwa mtalii, kisha akaongezewa maelezo: wa gharama nafuu, wa matumizi madogo. Jina hilo halimfai.

Kutalii ni neno la asili ya Kiarabu lenye dhana ya kutazama kwa makini. Mtalii, basi, ni mtazamaji. Neno msafiri nalo latokana na musafir la Kiarabu, na kwa kuwa mwanzo wake ulilandana na kiambishi cha ngeli ya M-/WA-, wingi wake ukawa wasafiri pasi na taabu. Wasomali wa Garissa husema musaafir; neno hili huvuka mto Tana bila mkalimani. Tena lina uzito wa kisheria: katika Uislamu msafiri huruhusiwa kufupisha sala na kuahirisha saumu, na aya ya 60 ya Sura ya Tawba humtaja mwana wa njia, yaani msafiri aliyeishiwa, miongoni mwa wanaostahiki zaka.

Huenda ikadaiwa kuwa mgeni huyo amejichagulia uhaba, ilhali mfugaji wa Kaskazini Mashariki huhama kwa kufuata maji na malisho. Ni kweli. Hata hivyo, na litazamwe basi litokalo Garissa kwenda Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 370. Mwanafunzi mwenyeji na mgeni wa ng'ambo wameketi bega kwa bega, shanta zao zikiwa sawa. Mmoja ataitwa mtalii. Mwenziwe ataitwa abiria, au hata mkimbizi, ijapokuwa babu yake alizaliwa papo hapo. Katika eneo ambalo hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1963 haikuondolewa hadi 1991, nyendo za raia zikibanwa, tofauti hiyo ya majina si jambo dogo.

Waitwe wote wasafiri. Na anayehitaji kubainisha aseme msafiri wa shanta, awe ametoka Ulaya au Ijara. Ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili kulitumia jina hilo katika tafsiri zao, kabla mtalii halijazoeleka kiasi cha kutong'oka.