MBAO NAZO ZIPITE MOTONI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haraka haraka haina baraka. Asiyeamini na aje bwenini mwetu mwezi wa Februari, saa nane mchana. Mabati yakiwaka huko juu, sisi huku chini tunaiva kama viazi.

Mtaniuliza, je, hakuna dari? Dari ipo, tena ya mbao. Shida ni kwamba zilipigiliwa zikiwa mbichi. Mvua ya Aprili ikija zinafura, jua likirudi zinajikunja na kuacha nyufa za kupitisha kidole. Kila mwaka fundi anaitwa, na kila mwaka mzazi ndiye anayelipa.

Maoni yangu ni haya: tuache kununua mbao mbichi, na nchi yetu ijifunze kuzioka.

Hebu tuulize sayansi. Ndani ya mbao mna vijibomba vidogo sana. Vikijaa maji, joto hupita mbio. Vikijaa hewa, joto hukwama, kwani maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Basi mbao ikinywa maji, haizuii joto vizuri tena.

Wafini waliiendeleza dawa yake katika miaka ya 1990. Huziweka mbao za msonobari katika tanuri na kuzikausha kwanza. Kisha hupandisha joto hadi kati ya nyuzi 185 na 215 za sentigredi, kwa saa mbili au tatu. Mvuke hufukuza hewa ili zisishike moto. Humo ile sehemu ya mti inayopenda maji, yaani hemiselulosi, huvunjika. Mbao hutoka nyepesi, zina rangi ya kahawia, na unyevu zinaoushika baadaye hupungua karibu nusu. Uwezo wa kupitisha joto nao hushuka kwa asilimia 20 hadi 25. Ndiyo maana huko kwao mbao hizi hutumiwa kutengenezea viti vya sauna, kile chumba cha joto kali. Mtu hukaa bila kuungua makalio!

Wapo watakaocheka, ati mbao iliyookwa si mbao tena, ni makaa. La hasha! Makaa huja ukipita kiasi. Hata hivyo sitawaficha ubaya wake. Mbao hizi huwa kavu mno na huvunjika upesi, kwa hivyo msizitie kwenye kenchi za paa. Haifai kuzifukia ardhini. Mchwa nao hawazibagui, watazila tu. Kazi yake ni dari, milango, madirisha na kuta za nje.

Tanuri kama hiyo ni ghali, najua. Lakini kuna hatua ya kwanza isiyohitaji tanuri: mbao zipangwe kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, zingoje miezi kadhaa kabla ya kupigiliwa. Hizo hazitashinda zilizookwa, ila zitashinda hizi zetu zinazotoka msumenoni moja kwa moja hadi darini.

Wenzangu mnaosoma useremala, kazi ni kwenu. Mkiwa mafundi kesho, msikubali kupigilia mbao inayolia machozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumejenga dari ileile mara ngapi?