Andaa Wahusika, Usiandae Maneno

Binti yako anatoka sokoni Tunduma. Kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, dereva mmoja anamwita: "Njoo unywe soda." Atajibu nini? Kumwonya tu hakutoshi. Igizeni nyumbani.

Kwanza andaa mahali na saa. Pili, andaa wahusika, na kila mmoja awe na jambo analolitaka: binti anataka daftari, dereva anataka mwenzi wa safari. Uwe wewe dereva, na uwe mpole. Mdanganyifu haji na pembe kichwani. Majibu na mwisho usiviandae, binti avitafute mwenyewe.

Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari huigiza matatizo yao na kutafuta njia ya kuyatatua.

Binti akiipokea soda, usimkaripie. Simamisha igizo, umwulize ni neno gani lililomvuta. Kisha rudieni. Afadhali akosee jikoni kwako kuliko barabarani.