Picha ya hoteli: nani anailipa, na inabakia ya nani?

Mugeni mwenye kuja Kamina leo, safari yake inaanzia kwenye simu. Mbele ya kupanda treni ao ndege, anatafuta fasi ya kulala. Anaona kitanda kipana, mashuka meupe, bwawa la maji ya bluu. Akifika, bwawa haliko, na maji ya kuoga yanaletwa na ndoo. Ile picha ilichotwa kwenye intaneti, ni ya hoteli ya Dubai ao ya Nairobi, mwenyewe hajui. Mugeni hakasirikie mwenye hoteli peke yake. Akirudi kwao anasema: Kamina ni hivi, Kamina ni vile. Muji mzima unabeba ile haya.

Zamani jambo hili halikukuwa na uzito sana. Kamina ilikuwa njia panda ya reli: huku unaenda Lubumbashi, huku Ilebo, huku Kalemie. Wageni walikuwa wafanyakazi wa reli, wanajeshi wa Base na wachuuzi, na kila mutu alijua kwa nani atalala. Lakini tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo 4, Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami. Kuna serikali ya jimbo, kuna bunge, kuna watu wa mashirika na wa semina. Hawa wanachagua kwa macho mbele ya kuchagua kwa mifuko. Ndiyo maana wenye kujenga wanaandika neno « kifahari » kwenye kibao, na sasa wanatafuta picha ya kufanana na lile neno.

Hapa ndipo shida inaanzia. Mwenye hoteli analipa fundi wa marumaru, analipa fundi wa umeme, anaagiza kiyoyozi kutoka Lubumbashi, kilometa karibu 600. Lakini picha, anamwambia mutoto wa ndugu yake: chukua simu, piga. Ao anaita mupiga picha wa ndoa, anamwambia: utalipwa kisha, hii ni matangazo yako pia. Mimi naona ni kujidanganya. Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu: chumba ni dola 60 kwa usiku, na picha nzuri inaleta mugeni mumoja zaidi kila juma, analala siku mbili. Ni dola 120 kwa juma. Katika miezi michache mupiga picha amekwisha kulipwa, na picha ingali inafanya kazi.

Na kazi yenyewe si kubonyeza tu. Hoteli zenye kuingia katika makundi makubwa ya dunia, sawa vile Grand Karavia ya Lubumbashi ilivyobeba jina la Pullman, haziachie kila mutu apige anavyotaka. Mupiga picha anapewa maandishi: vyumba gani, picha ngapi, za nini, lini. Anakuja siku moja mbele kutembea chumba kwa chumba, kuangalia jua linaingilia dirisha gani na saa ngapi. Mashuka yanapigwa pasi juu ya kitanda kwenyewe. Nyaya zinafichwa, ndoo ya usafi inatolewa, kamera inawekwa kwenye miguu mitatu ili mistari ya kuta isimame wima. Kuna lensi yenye kufanya chumba kidogo kionekane uwanja wa mpira. Fundi mwenye heshima anaitumia kwa kipimo, juu mugeni atakuja na miguu yake kupima.

Picha ya nje inayopendwa kuliko zote ni ile ya magaribi, taa zote zimewaka na mbingu ingali na bluu. Huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza halingoji: una dakika 20 hivi. Umeme ukikatika pale, siku imeisha. Kwa hiyo jenereta inajaribiwa mbele, na mafuta yawe ndani. Tena musipange kazi hii mwisho wa kiangazi. Vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vinafanya mbingu kuwa ya kijivu. Mvua ya kwanza ikinyesha, hewa inasafika, majani yanarudi, na hata ukuta wa matofali unapendeza.

Sasa lile swali la pili, ambalo wengi hawalijue. Ukilipa picha, umenunua nini? Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, yenye kulinda haki za watunzi katika inchi yetu, inalinda pia picha. Haki inaanzia kwa yule aliyeipiga. Kupokea picha kwenye simu ao kwenye flashi si kupokea haki zote. Kwa hiyo muandike: hoteli itazitumia wapi, kwa miaka ngapi, jina la mupiga picha litatokea ao hapana, na kama mwenye kujenga nyumba ao duka la samani anaweza kuzichukua bila kulipa tena. Karatasi moja, sahihi mbili. Bila ile karatasi, siku picha inaonekana kwenye kalenda ya kampuni ingine, wote wawili wanapiga kelele na hakuna mwenye ushuhuda.

Kuna wanaosema Kamina haina mafundi, lazima waitwe wa Lubumbashi. Ni kweli kwa nusu. Kule neno letu « picha » limekuwa jina la chama, Picha, ambacho Sammy Baloji, mzaliwa wa ule muji mwaka 1978, alianzisha pamoja na wenzake. Tangu 2008 ndicho kinatayarisha Biennale ya Lubumbashi, na vijana wengi wamejifunza mule. Lakini Baloji mwenyewe hakutoka Ulaya. Mwenye hoteli akimuita fundi wa Lubumbashi, amuwekee kijana wa Kamina pembeni, abebe taa, aone. Mara ya pili atapiga yeye, na makuta ya tiketi yatabaki.

Huyo kijana anahitaji pia karatasi ya ruhusa, akitoka nje ya lango. Tunajua wote kinachompata mutu mwenye kuinua kamera karibu na gare, uwanja wa ndege ao kambi. Mwenye hoteli ndiye anapaswa kwenda kuomba, juu yeye ndiye anayejulikana kwenye ofisi.

Na tarehe ijulikane. Wandugu wa Kivu wanaelewa: picha za hoteli za kando ya ziwa kule Goma zinaonyesha amani na maji yametulia, kumbe vita ilipoingia muji mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa. Picha haisemi uongo pale, ni ya zamani tu. Kwetu vita haiko, lakini pampu ya maji inakufa, jenereta inauzwa. Mwenye hoteli aliyepiga picha ya dushi mwaka jana, aende kufungua robine leo, aone kama kuna kitu kinatoka.