Kodi ya mchezo: tuanzie na ile 0,3%

Mufanyakazi anayeendesha kamyo kubwa mu mine anaweza kukaa juu ya kiti masaa 12. Akishuka, mugongo inauma, magoti inakataa. Mu kartier yake chupa iko karibu kuliko kiwanja cha mpira. Tutamulaumu kwa nini?

Wengine wanaomba Leta ipunguzie kodi mutu mukubwa anayelipia mchezo: nyumba ya mazoezi, tenisi, pisini. Wazo si mbaya. OMS inasema mutu mukubwa atikise mwili angalau dakika 150 kila juma, na mwenye sukari ao tansio anajua bei ya dawa. Lakini kodi ya nani? Kijana anayechimba na mikono hana karatasi ya mushahara. Utamupunguzia nini?

Canada walijaribu. Kuanzia 2007, muzazi aliyelipia mutoto wake mchezo alipunguziwa kodi, mwanzoni mpaka dola 75 kwa mwaka. Mu uchaguzi wa 2011 wakaahidi watu wakubwa kitu kama hicho, haikufika. Ile ya watoto nayo ilifutwa mu 2017. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa tayari na pesa ya kulipa mbele.

Sisi tuko na njia ingine, na iko mu sheria tayari. Kode ya mine ya 2018 inalazimisha kila kampani yenye kuchimba kutenga angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na pesa ile haitozwi kodi ya faida. Ni kusema Leta imekwisha kukubali kupoteza kodi. Kilichobaki ni kujua pesa inaenda wapi.

Maji, masomo na dispansere zipite mbele, hatubishi. Lakini kiwanja si kitu cha anasa. Wazee wa Union Minière na Gécamines wanakumbuka: mu cité kulikuwa kiwanja, na siku ya mungu bababa walicheza, watoto wakitazama. Hatulilii ukoloni. Kampani ilifanya vile sababu mutu mwenye afya anazalisha zaidi, basi. Lakini kiwanja kilikuwapo, na hakuna aliyelipa mulangoni. Leo vingi vimekatwa parseli, na maveterani wetu wanacheza kando ya barabara, mu vumbi ya makamyo.

Ninyi mnaokaa mu kamati ya 0,3% kwa jina la wenyeji, mu mukutano unaokuja mwandikishe kiwanja kimoja kwa kila kartier. Kiwe na taa, sababu ekipe ya muchana inatoka kazini jua limekwisha kuzama. Hati ya udongo iwe ya commune, isiwe ya mutu, kesho asiuzishe. Na kiwe na saa ya bamama. Wengine watacheka: mama anayebeba beseni kichwani kutoka soko, anahitaji mchezo gani tena? Beseni ni kazi. Naye aachiwe saa moja ya kukimbia bila muzigo, na baba abaki na watoto.

Kampani nazo zijue kwamba mutu aliyetoka kazi ya usiku hawezi kucheza saa mbili ya asubuhi. Mwenye kupanga ekipe aulize wafanyakazi kwanza siku yao ya mpira ni gani.