Wati Nyingi Si Sauti Njema

Wengi wetu tunazo spika za zamani zilizo nzima bado, nasi twapenda zitusikilizishe visomo na taarabu zilizomo katika simu. Kwa kazi hiyo vyahitajiwa vyombo viwili: kigeuzi, kinachofanya tarakimu za dijitali ziwe umeme wa sauti, na amplifaya, inayoutia umeme huo nguvu za kuzisukuma spika.

Wauzaji hutaja wati kwanza. Jueni kwamba kutoka wati 50 hadi 100 huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti iliyo ndogo masikioni. Kwa sebule ya kawaida, wati 30 za kweli mara nyingi zatosha, na majirani hawatalalamika.

Lililo muhimu zaidi limeandikwa nyuma ya spika: omu zake. Zikiwa 4, hakikisheni amplifaya imeruhusiwa mzigo huo. Omu zikipungua, mkondo huongezeka, na amplifaya isiyoumudu hupata moto, ikajizima au ikaungua.

Kigeuzi nacho kisiwafilisi. Kipimo cha diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Hata vigeuzi vya bei nafuu vyakimudu vyema. Tena amplifaya nyingi za leo zina kigeuzi ndani yake: ulizeni kabla ya kununua cha pili.

Fedha ikisalia, tengeni ya spika bora, kwani hizo ndizo zinazobadili sauti zaidi. Jasho letu la ugenini lisiishie katika namba zilizochapwa juu ya boksi.