Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Wazee Wasisubirishwe Hadi Mtoto wa Jicho Akomae

Mheshimiwa Waziri,

Bibi anapepeta mchele, kisha anamwita mjukuu amwangalizie kama mawe yameisha. Chai anaimimina huku kidole kimoja kikiwa ndani ya kikombe. Akienda zahanati anaambiwa arudi nyumbani, asubiri mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi, akomae.

Jibu hilo lilikuwa na maana enzi ambazo lenzi ya jicho ilitolewa kwa mpasuo mkubwa, na mgonjwa akabaki na miwani mizito maisha yake yote. Mwaka 1949, mjini London, daktari Harold Ridley alimpandikiza mgonjwa lenzi ya plastiki ndani ya jicho, na upasuaji huu ukageuka kabisa. Leo mgonjwa hupigwa ganzi akiwa macho, daktari akafungua njia ya milimita chache, akaitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuuacha mfuko wake mwembamba, kisha humo akapachika lenzi bandia iliyochaguliwa kwa vipimo vya jicho hilohilo. Kwa mikono iliyozoea, kazi hiyo haifiki nusu saa. Hakuna dawa ya matone wala ya kienyeji inayoondoa ukungu huo.

Kusubiri ndiko kunakoleta madhara. Lenzi inazidi kuwa ngumu na upasuaji unakuwa mzito zaidi. Wakati mwingine inavimba au kuvuja, presha ya jicho inapanda, na mzee anapata maumivu makali na upofu usiorudi nyuma. Kwa mtoto mchanga mwenye doa jeupe kwenye mboni ni hatari zaidi: ubongo wake usipojifunza kuona mapema, upasuaji wa baadaye hausaidii sana. Tena doa hilo huweza kuwa saratani.

Naomba utoe waraka kwa kila zahanati: mtu yeyote ambaye ukungu umemzuia kufanya kazi zake apewe rufaa siku hiyohiyo, na wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka. Tochi na ubao wa kupimia macho si vifaa vya gharama kubwa.

Halafu kuna nauli. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, lakini mzee asiyeona hasafiri peke yake. Anahitaji nauli ya watu wawili, chakula na mahali pa kulala, na mara nyingi anayemshika mkono ni mjukuu aliyeacha masomo. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 uko mikononi mwako. Gharama ya msindikizaji ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, na pale hilo lisipowezekana, timu za upasuaji zipelekwe hospitali za wilaya kwa ratiba inayojulikana, zikirudi baadaye kupima kama waliopasuliwa wanaona vizuri.

Tafadhali, Mheshimiwa, waraka huo usisubiri bajeti ijayo.