Hata mashua ya wagonjwa ya Ozi ichorwe pamoja na watakaoitumia

Kwenye kituo cha anga za juu, ukimkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, wewe ndiye unayesukumwa nyuma, maana hakuna uzito. Ndiyo sababu mgonjwa hufungwa mikanda kwenye ubao maalumu, na mwokoaji hukita miguu kwenye ukuta wa pili apate nguvu. Mwaka 2020 madaktari walieleza kisa cha mwanaanga ambaye damu yake iliganda kwenye mshipa wa shingo akiwa angani. Alijipima mwenyewe kwa altrasaundi akielekezwa kutoka duniani, na dawa chache zilizokuwepo zikatumiwa kwa kubana hadi chombo cha mizigo kikaleta nyingine.

Sisi wa Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, tunaelewa shida hiyo ya kumhudumia mgonjwa mahali pasipofaa. Mto ukifurika, mama mwenye uchungu wa kuzaa hupelekwa Kipini kwa mashua isiyo na pa kumlaza. Kwa hiyo, kaunti ikitaka kununua mashua ya wagonjwa, wanaoichora wakae kwanza na mkunga na nahodha, kisha waijaribu usiku, maji yakiwa yamechafuka.